Maboga ya Mahameni

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Mpui, nyumba zilipangwa mistari kama mabenchi ya kanisani. Mtu akipiga chafya, nyumba tatu zinamwitikia. Nilihesabu majirani walioweza kusikia nikijigeuza kitandani. Sikuridhika, nikahesabu tena. Walikuwa walewale, na wote walipenda kuongea.

Mimi ni mtu wa kimya. Nikisema hivyo leo sokoni Sumbawanga wateja wangu hucheka, maana bei naibishania mpaka mtu anasahau alichokuja kununua. Lakini ile ni kazi.

Dawa yangu ilikuwa maboga. Kule mahameni, kwenye mji wetu wa zamani tuliouacha, yalijiotea penye zizi. Nikamwambia mama nitayafuata kila Jumamosi. Akataka niende na wadogo zangu. Nikamjibu kwamba wale ni midomo miwili ya kula viazi njiani, na mikono haifiki hata mmoja. Akakubali.

Kule nilichuma boga moja tu, makusudi, kisha nikaegemea ukuta uliobaki na kusikiliza upepo kwenye nyasi. Hakuna aliyeniuliza nawaza nini.

Jumamosi moja nikamkuta baba. Nyumbani alikuwa ameaga kwenda mkutanoni. Ameegemea ukuta wangu, koti limefungwa mpaka shingoni, hafanyi chochote. Nikamwamkia, akaitikia.

"Hujaniona," akasema baadaye.

"Nawe hujaniona, baba. Ila huo ukuta ni wangu."

"Nimeujenga mimi."

Tukapatana: yeye upande wa jua, mimi upande wa pili, na maongezi hakuna.

Maboga yakapungua mpaka likabaki moja. Mama akasema likiisha hilo, Jumamosi nitashinda na wenzangu kisimani, nichangamke kidogo. Nililibeba lile la mwisho kama nabeba msiba.

Kiangazi chote nilichangamka kwa taabu. Mama naye alilalamika kuwa mbegu za maboga alizoanika ili azikaange zinapungua, akawalaumu panya. Baba alikuwa akitazama paa.

Wiki mbili baada ya mvua za kwanza nikatoroka kwenda mahameni. Pale ukutani palikuwa na matuta mapya ya duara, nyasi zimefukiwa ndani kama tulimavyo Ufipa, na miche ya maboga imeshachungulia. Nikayahesabu, kisha nikarudia. Matatu upande wake, manne upande wangu.

Nyongeza hiyo sikuwa nimeiomba.