Kisu Nilichojifunga Mkononi

Mimi ni mchinjaji. Hapa mtaa wa Yoba, mjini Gitega, hata Wakristo wakiwa na harusi huniita, ili wageni wao Waislamu nao wapate kula. Nimekata shingo tangu ujana na sheria naijua: ukishaanza, usinyanyue kisu mpaka koo na mishipa vikatike. Ukinyanyua, watu wanaanza kunong'ona kwamba nyama ni mzoga.

Kisha uzee ukanishika vidoleni. Asubuhi mkono wa kulia haukufunguka. Niliuloweka kwenye maji ya moto, nikavinyoosha vidole kimoja kimoja huku nikitukana. Muuguzi wa viungo alinipa mpira laini: niuminye mara ishirini asubuhi, ishirini jioni, kisha kidole gumba kiguse wenzake wote. Wiki ya pili niliutupa ukutani. Mke wangu akaniwekea ungo wa mahindi miguuni, akasema, "Basi pukuchua haya, kama mpira ni wa watoto." Mimi, mtu wa kisu, nikae uani kupukuchua mahindi? Niliusukuma ungo kwa mguu. Nilikuwa mjinga, sina neno jingine.

Kila Idi ya kuchinja nilikwenda Muyinga kwa mdogo wangu, muuza vitenge. Mimi nashika kisu, yeye anashika pembe. Ndivyo baba alivyotuachia. Mwaka juzi walinunua ng'ombe dume mkubwa, mtaa mzima umechangia. Mimi niliogopa kitu kimoja tu, kisu kisije kikaniponyoka mbele ya watu nikanyang'anywa kazi. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaufunga mpini kiganjani kwa kitambaa, nikateremsha mkono wa kanzu juu yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa nikiwaambia wengine hivyo.

Dume alilazwa, miguu imefungwa. Nikataja jina la Mungu, nikakata. Katikati ya koo vidole vikalegea, kisu kikapinda ndani ya nyama. Dume akakata kamba, akasimama na koo nusu wazi, damu ikarukia kanzu nyeupe za watu. Aliniburuta. Kisu kilikuwa kimefungwa, sikuweza kukiachia, kikawa kinakata popote mkono wangu uliporushwa. Mdogo wangu hakuachia pembe. Kilimpita kwenye kifundo cha mkono, kikarudi kikampita tena, nikasikia kimegusa mfupa. Dume akanikanyaga mbavu. Wanaume wakamvamia kwa mapanga na michi, wakampiga kichwani mpaka akaanguka, na hata alipoanguka waliendelea kumpiga, wengine wakilia kwa hasira.

Hakuna aliyekula. Walimfukia. Walipokuja kuninyanyua waliona kitambaa, na mzee mmoja akanizaba kibao mbele ya watoto. Nilistahili hata viwili.

Mdogo wangu alikatika kano. Walimshona, lakini vidole viwili vimekufa na vilivyobaki ni vizito. Mbavu zangu zilipopona, nikawa naondoka Gitega kila wiki kwenda kukaa naye uani kwake Muyinga, tukitazamana, kila mmoja na mpira wake. Namwambia minya, anaminya, jasho linamtoka. Akichoka namgombeza, kisha naona aibu, nauminya wangu. Na kwa kufanya naye, vidole vyangu vimelainika. Leo najifunga vifungo vya shati mwenyewe. Yeye anafungwa na mke wake, na kitenge cha mteja anakatiwa na jirani.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia. Kama angeachia pembe, kisu kisingemfika. Wiki iliyopita nikamuuliza, kwa ukali, kwa nini aling'ang'ania.

Aliendelea kuuminya mpira, hakuniangalia. "Mi nilijua mkono yako iko imekwisha, kaka. Tangu Idi ile ingine. Vijana walitaka kushika pembe, mi nikawakatalia. Nilisema, kama kisu itapotea njia, ikute mimi, isikute mtoto wa mtu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ungekubali?"

Nilitamani kumpiga. Nikakaa na mpira mkononi, nikisikia vidole vyangu vikiuminya vizuri, vyote vitano.