Maji Niliyosingiziwa Kuumwagia Waya wa Kompyuta

Mwaka 1998 nilikaribia kufukuzwa kazi kwa kumwaga maji ambayo sikuyamwaga, juu ya waya ambao haukulowa.

Naitwa Akelo, kwetu ni Shirati. Shule niliachia darasa la tano, kwa hiyo nikikosea mahali mnivumilie.

Nilikuwa mfagizi wa ofisi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, Nyakato. Wakati ule sangara alikuwa dili. Minofu inapanda ndege, inakwenda Ulaya, lakini haiondoki bila cheti. Na cheti kilikuwa ndani ya mashine kubwa, yaani kompyuta kuu ya kiwanda.

Mashine yenyewe iliendeshwa na programu iitwayo Yuniksi. Haina picha, ni maandishi meupe tu kwenye kioo cheusi. Hatua sita kutoka pale alikaa dada Wilhelmina, katibu muhtasi, na kompyuta yake ndogo ya kuchapia vyeti.

Hatua sita. Lakini cheti kilianza kuchukua dakika arobaini kumfikia.

"Hivi kinapitia Nansio kwanza, kule kisiwani?" Wilhelmina akauliza. "Kinasubiri meli?"

Hakuna aliyecheka. Gari la samaki lilikuwa getini, barafu inachuruzika.

Fundi wetu aliitwa Venant. Wiki tatu kabla alikuwa ameiwekea mashine kubwa kadi mpya ya mtandao, ile inayoiwezesha kuongea na wenzake. Kila siku aliijaribu kwa kutuma kaneno kafupi, na kaneno kanarudi fasta.

"Kadi iko poa," akamwambia bosi. "Tatizo ni waya, pale nyuma ya kabati la mafaili. Kuna mtu kaumwagia maji."

Wote wakanitazama. Mwenye ndoo ni mimi.

Mimi mtu akinitazama, ulimi unakuwa mzito. Nikaangalia chini. Wakachukulia nimekubali.

Bosi, mzee Ndalahwa, akasema Ijumaa saa sita nifike kwake, barua yangu ya kuachishwa itakuwa tayari. Nyumbani mama na mdogo wangu walikula kwa ndoo ile. Sikuwaambia. Nilikuwa nimechoka, hata kulia sikuweza.

Ijumaa asubuhi nikaenda kazini hivyo hivyo.

Kuna kisanduku kilichounganisha nyaya zote. Wilhelmina alikuwa amekifunika kwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama watu wanavyofunika redio sebuleni. Alifunika kila kitu mle ofisini, hata simu. Mimi kila Ijumaa nilivikusanya vitambaa hivyo nikavifue.

Nikakitoa kile kitambaa. Chini yake kuna taa ndogo, moja kwa kila waya. Zote zimetulia kijani. Ya mashine kubwa ni ya njano, inapepesa kama jicho lililoingia mchanga.

Nilikuwa nimeiona hivyo Ijumaa iliyopita, na ile ya kabla yake. Sikusema. Nani angeniuliza?

Venant akatuma kaneno kake. Taa ikatulia.

Wilhelmina akaita cheti. Taa ikapandwa na wazimu.

"Kaka Venant."

Sauti ilitoka ndogo mno. Nikarudia.

"Kaka Venant. Hii taa inahangaika kikija cheti tu. Ukituma kaneno, inatulia."

Akaja. Akatazama muda mrefu.

"Tangu lini?"

"Tangu uweke kadi."

Akashika kichwa. "Kadi nimeilazimisha iongee na kusikiliza kwa pamoja," akajisemea taratibu. "Kisanduku hakijui, kinangoja zamu. Neno fupi linapenya. Cheti kirefu kinagongana njiani, kinarudiwa, kinagongana tena."

Akakaa kwenye mashine, akafuta mstari mmoja wa maagizo, akaviacha kadi na kisanduku vipatane vyenyewe.

Cheti kikafika kabla Wilhelmina hajamaliza kupiga chafya.

"Ebo!" akasema.

Nikajua nimepona.

Saa sita nikaingia kwa bosi. Venant alikuwa ameshanitangulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Ulikuwa unyevu, mzee," Venant akasema bila kunitazama. "Nimeukausha ule waya, sasa mambo yanakimbia."

Barua yangu ilikuwa mezani, imekunjwa tayari.

Sijui nguvu ilitoka wapi.

"Mzee, twende ukauone huo waya."

"Unasemaje wewe?"

"Twende, mzee."

Akaja. Nikalisukuma kabati la mafaili kwa bega. Nyuma yake waya ulikuwa umelala chini ya vumbi nene kama blanketi.

"Yangemwagika maji, hili lingekuwa tope," nikasema. "Na angeukausha, alama za vidole vyake tungeziona."

Mzee akainama, akachungulia. Akamtazama Venant. Venant akavua miwani, akaanza kuifuta.

"Na wewe," mzee akanigeukia, "vumbi hili la lini?"

Ningeweza kusema la wiki hii.

"Tangu Pasaka, mzee. Kabati ni zito, huwa sisogezi."

Wilhelmina akajifanya anakohoa.

Mzee akaichana ile barua, akaamuru ziandikwe nyingine mbili. Ya Venant sikuisoma. Yangu ilikuwa onyo kali, kwa uvivu wa kutofagia nyuma ya kabati.

Niliisoma polepole, neno kwa neno. Halikuwamo hata moja la kusingiziwa. Nikatia sahihi, nikaenda kuchukua fagio.

Nililojifunza, ndugu zangu: ukisingiziwa, usiseme ukweli nusu. Kile kipande kinachokuumbua wewe ndicho kitakachofanya wakuamini vingine.