Uso Nilioupaka Ukutani

Kuchora mabango nilifundishwa na jirani yetu, fundi aliyetoka mkoa wa Kasai. Kwa miaka mitatu nilifanya kazi pamoja naye, tukichora chupa za bia kwenye kuta za baa na mikasi kwenye milango ya vinyozi. Mchana nilikula bukari, ugali wa kwetu, nyumbani kwake, na mke wake aliniongezea sombe ya majani ya muhogo bila kuniuliza.

Mkoa wetu wa Katanga ulipojitenga na Kongo, watu wa chama kilichotawala waliniita mimi, siyo yeye, maana watu wa Kasai sasa waliitwa wageni. Walitaka picha kubwa kwenye ukuta wa soko: mwanamke wa Katanga akimfagia mgeni na valizi yake, sanduku lake la safari, kama takataka. Siwezi kusema niliogopa. Nilifurahi kupewa ukuta mzima peke yangu.

Picha ya mwanamke ilinitoka vizuri. Yule mgeni ndiye aliyenishinda. Nilimfuta mara mbili, kisha mkono ukaenda kwenye uso uliouzoea: paji pana, jicho la kushoto limelegea. Nilijua ni fundi wangu. Lakini watu wa chama walipiga makofi kwa kuona sura ya mtu halisi, "Eh, huyu njo muntu kabisa!" Nikauacha.

Siku mbili baadaye vijana walikuja mtaani wakipiga kelele mbele ya nyumba ya fundi: "Valizi! Valizi, toka!" Mawe yakavunja madirisha. Nilikuwa nyuma ya mlango wetu.

"Enda useme nabo," mama aliniambia, akionyesha wale vijana. "Beko banakujua."

Sikwenda.

Familia ile ilikimbilia kambi ya wakimbizi nje ya mji, iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu. Wiki ilipopita niliwapelekea unga. Nilimkuta fundi akiandika namba kwenye mahema kwa kipande cha makaa.

"Papa, ile picha..." nilianza, nikimwita baba kama zamani.

"Niliiona," alisema bila kugeuka. "Soko yote iliiona. Ulichora muzuri. Kivuli ya shingo tu njo ulikosa."

Nilingoja anitukane. Alipokea unga, akauliza hali ya mama, akaendelea na namba zake.

Baadaye walipandishwa treni kurudi Kasai. Sikupata tena habari zao. Vita vya kujitenga vilipoisha niliupaka ukuta ule chokaa, na hakuna aliyesimama kuniuliza kwa nini.

Siku hizi vijana wanaodai haki huja kuniomba niwachoree mabango ya maandamano. Nawaandikia herufi. Wakitaka sura ya mtu wanayemlaumu, nawaambia watafute fundi mwingine, na wao hudhani ni uzee.