Chumba cha Bluu cha Matongo

Wegesa hakukalia kiti bila kwanza kukipangusa kwa kiganja. Kanisani alipangusa benchi, kliniki alipangusa benchi, na kwenye harusi ya binti yake alikipangusa kiti kilichovishwa kitambaa cheupe, kisha akakitazama kiganja chake. Kijijini Matongo vumbi la mashimo ya dhahabu lilitua juu ya kila kitu, na kila mtu alipangusa. Wengine walipohama waliacha. Yeye hakuacha.

Binti yake huyo, Elieth, alikuwa na miaka kumi na mitano alipoanza kuona aibu. Alilala chumba kimoja na mama yake, magunia ya mahindi, na kuku aliyeatamia mvunguni. Jumamosi moja alikwenda Nkende, mjini Tarime, nyumbani kwa rafiki yake wa shule, Yasmini, ambaye baba yake, Bushiri, alikuwa fundi wa mapazia. Yasmini alikuwa na chumba chake mwenyewe, na ukuta wa rangi, na pazia la maua. Elieth alirudi Matongo amenyamaza, akaendelea kunyamaza mpaka mama yake akadhani ana malaria.

"Kwani unataka nini?" Wegesa akamuuliza.

"Mlango," Elieth akasema. "Mlango wa kufunga."

Mumewe Wegesa alikuwa ameshafariki, kwa hiyo tofali alizifyatua mwenyewe, akaongeza chumba ubavuni mwa nyumba. Bushiri alimpunguzia kitambaa cha pazia. Rangi ya bluu waliipaka wawili, mama na mwana, wakaizidisha maji, ikachuruzika. Elieth akabandika picha za kalenda, na juu ya kitanda akaandika kanuni za kemia kwa penseli.

Lakini ulikuwa mwaka mbaya wa kujenga. Mgodi ulikuwa unapanuka, watu wa tathmini walikuwa wanasubiriwa, na nusu ya kijiji ilikuwa inasimamisha vibanda vya haraka ambamo hakuna mtu ambaye angelala, ili vihesabiwe kwenye fidia. Vibanda hivyo waliviita tegesha. Ilisemekana kwamba ukikutwa na chumba kimoja cha tegesha, unafutwa kwenye orodha ya fidia wewe na nyumba yako nzima.

Mwikwabe, shemeji yake Wegesa, alikuja kuangalia.

"Shikamoo baba mdogo," Elieth alimsalimia.

"Marahaba." Akachungulia ndani. "Shemeji, na wewe umetegesha? Tena yako ina pazia. Hii ni tegesha ya bibi harusi."

"Ni chumba cha mtoto."

"Mtoto gani anajengewa chumba? Mwaka huu hata mbuzi wangu wana vyumba, shemeji. Nani atakuamini? Bomoa. Wakishapita utajenga tena."

Tangu siku hiyo Wegesa hakuwa na raha. Alimwaga uji akimimina. Kila gari lililosikika barabarani lilimtoa jikoni.

"Mama, tubomoe tu," Elieth akasema.

"Jana ulilala wapi?"

"Humo."

"Basi si tegesha."

Alichokichukia Wegesa kilikuwa doa. Elieth alisoma akiegemea ukuta, na mafuta ya nywele yakaacha alama ya kichwa chake, nyeusi, yenye kung'aa. "Unaona ulivyouharibu ukuta," mama alizoea kusema.

Asubuhi ambayo habari zilifika kwamba wathamini wako njiani, Elieth alikuwa shuleni. Wegesa hakutaka wageni wasomi wakute uchafu. Alifua pazia. Alibandua picha, akakunja nguo zote ndani ya begi, akatoa godoro juani. Kisha akachukua rangi iliyobaki, akapaka ukuta mzima, doa, kemia, na vyote.

Elieth alipotokea kwenye kona ya njia aliwaona watu mlangoni pake. Dada mmoja mwenye faili aligusa ukuta. Kidole chake kikatoka na bluu.

"Mama, rangi hii ni mbichi. Humu analala nani?"

"Mwanangu."

"Kitu chake hata kimoja kiko wapi?"

Kabla Wegesa hajajibu, Elieth akajipenyeza katikati yao. "Ni changu. Kulikuwa na alama ya kichwa changu hapa." Akaonyesha. Hapo palikuwa bluu kama kwingine kote. Kijana aliyeshika kopo la rangi nyekundu akacheka kidogo, bila ubaya. Wakachora alama ya mkasi mlangoni, kwamba nyumba ina shaka, wakasema watarudi kuhakiki.

Hawakurudi. Majirani walilipwa wakahama, Mwikwabe akahamia Itiryo, na Wegesa akabaki na nyumba iliyotetemeka kila mgodi ulipolipua miamba.

Elieth akawa mwalimu katika mji wa Mugumu, na hofu moja ikakua naye. Kila simu, kila likizo, aliisubiri sentensi: usingetaka mlango, ningekuwa nimehama. Mama alipokasirika, aliisubiri. Mama alipougua, aliisubiri zaidi. Haikusemwa.

Mara yao ya mwisho kuonana, Elieth alikuwa amelala kwenye chumba hicho hicho, na asubuhi, begi likiwa mkononi, alishindwa kuvumilia. "Mama, mimi ndiye niliyekuponza na chumba hiki."

Wegesa alikipangusa kiti kwa kiganja, akakaa.

"Nilikuwa nakusikia unavyogeuka kitandani, upande wa pili wa ukuta, ndipo na mimi nalala," alisema. "Haya, nenda, gari litakuacha."