Msomaji wa Mwalimu Elia

Usiku ule wa kuamkia mdahalo nililala natabasamu, maana nilishajua pa kumnyuka yule nabii wa mtaa wa pili. Anawafundisha watu waache dawa kuthibitisha imani! Shangazi Tabu, aliyenilea, alikuwa na siku ya tisa hajameza vidonge vya presha. Wazee wa kanisa walinisihi, "Achana naye, ukibishana naye hadharani unampa kiki." Niachane naye? Thubutu!

Mara niko uwanja wa sokoni, jua linawaka. Jukwaani yupo Mwalimu Elia, aliyenifundisha kuhubiri, tuliyemzika mwaka juzi. Kavaa koti lake lilelile lililotoboka kiwiko. Enzi zake nilikuwa msomaji wake: anataja aya, naisoma kwa sauti umati usikie.

"Soma, binti yangu!"

Nafungua Biblia, nakuta humo kejeli zote nilizoandaa kwenye daftari langu. Nazisoma. Watu wanapiga vigelegele, nabii anainamisha kichwa, na mimi, sitadanganya, nasikia raha mpaka kwenye kucha.

Nageuka, Mwalimu hayupo tena jukwaani. Yuko chini, kwenye benchi la mbele, ameketi na Shangazi. Shangazi kajifunika khanga, analia kama aliyetukanwa yeye.

"Umeshinda," Mwalimu ananiambia. "Na huyu umemsomea nini?"

Nafunga Biblia. "Basi niache mdahalo, Mwalimu?"

"Nani kasema uache? Uongo wa hadharani hujibiwa hadharani. Ila anza na huyu."

Nikaamka kumepambazuka. Nilichana kurasa tatu za daftari, zile tamu kabisa, nikaenda kwa Shangazi. Alikuwa anafagia uani.

"Shangazi, nisamehe. Nilimwandalia kejeli mtu unayemwamini, nikasahau ni wewe ninayekupigania."

Akaacha kufagia. "Kwa hiyo hupandi jukwaani?"

"Napanda, tena mapema! Ila nataka uwe msomaji wangu. Kila aya nitakayoitaja uisome wewe. Tutaanza na pale Paulo anapomshauri Timotheo, mgonjwa wa mara kwa mara, atumie kitu cha kumsaidia tumbo."

"Na nikikuta nabii ndiye mkweli?"

"Nitanyamaza mbele ya watu wote."

Akaegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani. "Miwani yangu umeiona?"

"Iko kabatini, Shangazi. Kando ya vidonge."

Nikasikia kabati likifunguliwa. Halafu nikasikia maji yakimiminwa kikombeni.