Cheti Kilichojidhamini

Veneranda alikuwa mtu wa kuuliza. Hata kwenye ghala la asali pale Ipuli, alikoajiriwa kuwa karani wa mapokezi, hakubonyeza kitu asichokijua.

Siku hiyo alikuwa ameletewa kompyuta mpya. Alipofungua mfumo wa kampuni ili aingize asali ya mzee Masolwa, mrina asali wa Kigwa, kivinjari kilimletea onyo jekundu: muunganisho huu si salama, huenda kuna mtu anataka kukuibia neno la siri.

"Dada Vene, bonyeza 'endelea' bwana," alisema Fikiri wa meza ya pili. "Hilo tunalo sote. Mimi silisomi tena."

"Na siku likija la mwizi kweli, utalijuaje?"

"Mwizi gani aje Ipuli kufuata ndoo za asali?"

Ofisi nzima ilikuwa imezoea kupita onyo bila kulisoma. Mazoea hayo ni uvivu, hata yakifanywa na watu wenye tai. Veneranda alikifungua cheti cha usalama, kile kinachothibitisha kuwa mfumo ni wa kampuni kweli, akakichungulia. Kimetolewa kwa: kampuni yao. Kimetolewa na: kampuni yao hiyo hiyo.

"Imejidhamini yenyewe!" alishangaa.

"Kuna ubaya gani?" Masolwa aliuliza kutoka kwenye benchi, jicho likiwa kwenye saa ya ukutani. Treni ya kumrudisha Kigwa ilikaribia kuondoka, naye asingeondoka asali yake haijapokewa. "Hata alama ya mizinga yangu nimeichonga mwenyewe."

"Sasa baba, warina wenzako walijuaje kuwa ni yako?"

"Niliwapelekea waione kabla sijatundika mzinga wa kwanza. Nilikwenda mwenyewe, sikutuma mtu."

Veneranda akachukua simu. Alimpigia Sylvester, fundi wa kompyuta wa kampuni, kwa namba aliyokuwa nayo siku zote. Akamwomba amsomee alama ya cheti kilichomo kwenye seva, kompyuta kuu ya kampuni, ule mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu usiofanana na wa cheti kingine, ili aulinganishe na ulio mbele yake.

"Wote?" Sylvester aliguna.

"Wote, kaka. Polepole."

Walikuwa katikati honi ya treni iliposikika. Fikiri akacheka. "Haya mzee, leo unalala mjini kwa hisani ya dada yetu."

Aibu ikamjaa Veneranda. "Baba, nibonyeze tu uwahi?"

Mzee akavua kofia, akaiweka juu ya ndoo. "Umeshaanza, mwanangu. Maliza."

Alama hizo mbili zililingana hadi tarakimu ya mwisho. Sylvester alikiri kwamba cheti hicho alipaswa kukiweka kwenye kompyuta zote tangu mwanzo, akamwelekeza namna ya kukiingiza miongoni mwa vyeti vinavyoaminiwa. Veneranda alipofungua tena, wekundu haukuwapo. Asali ikapokewa.

Treni ilikuwa imekwenda. Veneranda alimwomba mzee radhi, akampigia mama yake aongeze unga kwenye ugali wa jioni, kuna mgeni. Masolwa hakuonyesha hasira. Alikuwa amesogea kwenye meza ya Fikiri, kidole kikielekea kwenye kioo chenye onyo jekundu.

"Na hili la kwako, kijana, umemuuliza nani?"