Kuku wa Matanga ya Nahodha

Kama kuna mtu Kilosa aliyepaswa kuelewa jinsi njia moja inavyozaa nyingine, ni Lazaro. Miaka kumi na moja kazi yake pale stesheni ilikuwa hiyo hiyo: kuvuta mkono wa chuma, reli zisogee, treni ya Dodoma iende zake na ya Mikumi ishike njia yake. Hakuwahi kukosea hata mara moja. Lakini mwaka ule wa sabini na tano, mchezo wa redio ulipozaa michezo mingine, yeye ndiye aliyepotea kuliko wote.

Mchezo wenyewe uliitwa Chombo cha Zuhura. Kila Alhamisi saa kumi na nusu jioni, Nahodha Tabu na watu wake waliruka angani kutafuta nyota yenye udongo mzuri na mvua ya kutosha. Lazaro aliusikilizia kwa rafiki yake Mwinshehe, mkulima wa kijiji kipya nje kidogo ya mji, kule nyumba zilikopangwa mistari kwa amri ya serikali. Redio ilikuwa ya Mwinshehe. Betri zilikuwa zimechoka na mpya hazionekani madukani, kwa hiyo Mwanakheri, mke wake, alizianika juani pamoja na mihogo tangu asubuhi, ili jioni zipate nguvu ya nusu saa. Watu walitoka shamba la kijiji wakaja moja kwa moja barazani, majembe wakayaegemeza ukutani, na ole wake aliyekohoa.

Lazaro na Mwinshehe hawakuwa marafiki tu, walikuwa watani. Ukoo wa Lazaro, Wakaguru wa milimani Mamboya, na ukoo wa Mwinshehe, Wasagara wa bondeni, wametaniana tangu enzi za mababu. Walitukanana wapendavyo na kuchukuliana vitu bila kuomba. Na mmoja akifa, mwenzake ndiye anayekuja matangani kumwigiza marehemu, sauti yake na mwendo wake, mpaka wafiwa wacheke, ndipo apewe kuku aende zake. Mtani hakasiriki. Akikasirika, utani umekwisha.

Sasa, mwisho wa Chombo cha Zuhura, Nahodha Tabu alikufa. Alijifungia nje ya chombo ili wenzake wapone, na redio ikapiga muziki wa huzuni hadi betri zikaisha.

"Huyu tumwekee matanga," akasema Mwinshehe. Hakuna aliyejua kama anatania. "Kwa anavyoongea, huyu ni Msagara mwenzangu. Na mtani wake ndiye huyu hapa."

Basi wakaweka. Mwanakheri alipika uji, na Lazaro akavaa sufuria kichwani kama kofia ya angani, akatembea uani kwa hatua nzito za mtu asiye na ardhi chini, akitoa amri kwa sauti ya Nahodha. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Akapewa kuku, jogoo mwekundu, akamla na mkewe Lea siku ya pili.

Jambo moja hakumwambia mtu. Chini ya sufuria ile alikuwa analia. Baba yake alipozikwa Mamboya, Lazaro alikuwa zamu, ruhusa hakupata, na machozi yalimkaa kifuani miaka minne. Yalitoka siku ile, kwa ajili ya mtu wa redioni, na alipomaliza alijiona mwepesi kabisa.

Miezi miwili baadaye ikaja michezo miwili mipya. Wa kwanza ulimhusu mpishi wa kile chombo, mama mmoja mkali aliyefungua hoteli mwezini. Regina, jirani wa Mwinshehe aliyekuwa akiuza ndizi stesheni, aliupenda kupita kiasi. "Hawa wengine wanaruka ruka tu," alisema, "huyu angalau anapika." Lazaro hakuwa na neno na huo. Wa pili uliitwa Ujana wa Nahodha. Muziki ulipokwisha, sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya Nahodha Tabu mwenyewe, mzima wa afya, akimwamkia mwalimu wake shikamoo.

Lazaro alisimama. "Huyu si amekufa?"

"Kaa chini, mtani," akasema Mwinshehe. "Hii ni kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla hajafa. Alipokuwa kijana."

"Mbona hawakutuambia alipokuwa kijana? Wamengoja tumzike kwanza?"

"Lazaro, wewe kila siku unageuza reli. Treni ya Mikumi ikiachana na ya Dodoma, unasema moja imekufa?"

"Treni ya Mikumi hairudi ikapita hapa jana!"

Baraza likaangua kicheko, na kusema kweli hoja yake haikuwa mbaya. Lakini Mwinshehe si mtu wa kushindwa nyumbani kwake mwenyewe. Akanyoosha mkono. "Basi, kama Nahodha yu hai, rudisha kuku wetu."

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu. Lazaro akifika, hata hajaketi, "Rudisha kuku." Akikutwa sokoni, "Kuku yuko wapi?" Naye kichwa kilikuwa kinamzunguka. Alilala akifikiri, akaamka akifikiri. Kama Nahodha hakufa, yeye alimlilia nani? Na yule aliyemzika chini ya sufuria, naye yuko wapi sasa? Alimuuliza Lea, Lea akamwambia aache upuuzi akachote maji. Huenda ilikuwa kweli upuuzi, lakini ulimuuma.

Alhamisi ya tano Mwinshehe alinyoosha mkono kama kawaida, na Lazaro akausukuma. "Nimechoka na kuku wako," alisema, na sauti ilitetemeka. "Siku ukifa wewe, sitakuja. Tafuta mtani mwingine."

Watani huambiana maneno mabaya kuliko hayo na wakala sahani moja. Lakini wote pale barazani walisikia kwamba hakutania. Mwinshehe alirudisha mkono wake polepole, akafungua redio, na Lazaro akaondoka kabla muziki haujaanza.

Wiki tatu hakwenda. Kila Alhamisi alivaa shati, akafika mpaka darajani, akarudi. Alitaka kusema, mtani, yale maneno yarudi kinywani mwangu, na hebu nieleze tena hilo la kabla, taratibu. Alijiambia atakwenda Alhamisi ijayo.

Jumanne Regina alikuja stesheni bila ndizi. Mwinshehe amekufa, alisema. Homa, siku mbili tu. Wanazika adhuhuri.

Safari hii Lazaro hakungoja ruhusa ya mtu. Alimkabidhi mwenzake bendera, akaenda karibu anakimbia, na bado alipofika watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wananawa mikono. Walimwona. Hakuna aliyempisha na hakuna aliyemfukuza.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na giza, na humo alikuwemo Mwanakheri na wanawake wenzake. Barazani kilikuwepo kiti cha Mwinshehe, na juu yake redio. Lazaro aliichukua redio, akakaa, akakunja mguu mmoja chini ya paja kama alivyokaa mwenye kiti, akakohoa kikohozi kikavu cha Mwinshehe.

"Nyamazeni," alisema kwa sauti ya Mwinshehe. "Mchezo unaanza. Na yule Mkaguru wa stesheni yuko wapi? Alisema hatakuja. Anaogopa kurudisha kuku!"

Mtu mmoja akacheka, kisha akaziba mdomo. Lazaro akaendelea, akamtukana Lazaro, milima yake, reli zake na kichwa chake kigumu, na baraza likaanza kulegea. Ndipo sauti ya Mwanakheri ikatoka gizani, imekauka kwa kulia.

"Mume wangu, hebu niambie. Umekufa, au uko hai?"

Lazaro hakuwa ameelewa bado, na sidhani kama alielewa maishani mwake. Aliikumbatia redio iliyokwisha betri.

"Hii ni kabla," alisema.

Huko ndani Mwanakheri alicheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na Lazaro akalia naye pale kitini, kwa sauti yake mwenyewe.